Usipunguze Hata Yai Moja

7 Aprili

Kitinda,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia huko uliko hata kama mdomo umefunikwa barakoa. Sisi tupo. Mama yupo, mimi nipo, kuku wapo na makelele yao. Barua nimeilaza chini ya trei ya juu ya boksi langu kama kawaida yetu, ila safari hii isome kabla hujayapeleka mayai kwenye mashine zako za kutotolea vifaranga. Zamani nilikuwa nakuandikia mistari miwili ya kukutania, kwamba mayai haya yanabebwa kwa heshima kuliko ulivyobebwa wewe mgongoni kwangu. Leo nina swali.

Lori la kiwanda limechelewa, na dereva Breki ameshuka na nusu ya magunia ya chakula cha kuku. Anasema soya imekwama bandarini, kiwanda cha kusaga chakula kimebaki na watu wachache, na kila kizuizi barabarani anapimwa joto na kusubiri. Utingo wake amekatazwa kusafiri, kwa hiyo magunia kashusha mwenyewe na mayai kapakia mwenyewe, huku akihema na barakoa yake iko kidevuni. Ndiye aliyeniambia kwamba mmefungiwa humo kiwandani, mnalala stoo, na simu zenu zimekusanywa getini. Kufungiwa naelewa. Simu sielewi. Tangu lini ugonjwa ukapigiwa simu ukaja?

Mama ile homa imemwacha, lakini imemwacha na mifupa. Daktari alisema dawa yake sasa ni chakula, ale kilicho na nguvu. Mama akamwambia, mwanangu, meno yenyewe matatu, hicho chenye nguvu nitapigana nacho vipi? Daktari akacheka. Mimi nilicheka nusu, kwa sababu ghala letu nalijua. Mahindi yaliyobaki ni ya kutufikisha mavuno, mimi na Mama, basi. Chakula cha kuku kikikatika, kuku watayataka mahindi hayo hayo.

Sasa swali lenyewe. Mayai bado yanahitajika? Nasikia mahoteli yamefungwa, shule zimefungwa, arusi zimepigwa marufuku. Hao kuku wa nyama wanaotokana na vifaranga vyenu nani anawala? Kama mambo yameharibika, niambie bila kunizungusha. Nitachinja wengi nibakize wachache, mayai tutakula wenyewe, na mahindi yatatutosha. Roho itaniuma, kwa sababu kundi hili nililianza shemeji yako alipofariki na ndilo lililoniinua kitandani. Lakini kuku ni kuku na Mama ni Mama.

Dada yako


14 Aprili

Shikamoo Dada,

Nimeisoma nimejificha nyuma ya maboksi matupu, nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu akauliza kama na mimi nimeanza homa. Hapa kucheka bila sababu kunatosha kukupeleka chumba cha pembeni.

Ni kweli tunalala stoo. Magodoro yamepangwa chini, kati ya godoro na godoro wamechora mstari wa chokaa usiovukwa. Asubuhi tunapimwa joto la uso, tunaoga, tunavaa ovaroli, tunaingia. Ndani ya chumba cha mashine joto ni lile lile unalolijua, la kukunyonya jasho hadi kwenye soksi. Simu ni mambo ya usafi tu. Meneja anasema vioo vya simu vinabeba vijidudu kuliko mikono.

Swali lako jibu lake ni hili: yanahitajika, tena sana. Mahoteli yamefungwa, ndiyo, lakini watu hawajaacha kula. Kuna wafugaji wawili wa bondeni waliopata hofu wakachinja kundi lote la mbegu, mitetea na majogoo. Wamefutwa. Hata mambo yakitulia hawarudishwi, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kulea kundi la mbegu upya ni nusu mwaka wa kulisha tumbo lisilotaga. Usiwe kama wao. Ni wiki chache tu hizi, Dada. Vumilia.

Mwambie Mama nikitoka nitamletea meno mapya, achague rangi.

Mdogo wako,
Kitinda


28 Aprili

Kitinda,

Mama anasema meno anayataka ya dhahabu, na usijifanye umesahau.

Haya, nimekusikia. Sijachinja. Magunia yamepungua tena, nimeanza kuwachanganyia kuku pumba, na majani niliyokausha, na mahindi yetu kidogo kidogo. Nachota usoni pa Mama huku nikijiona mwizi wa nyumba yangu mwenyewe. Yeye anatazama debe linatoka. Anakula uji. Hajambo.

Mimi nimekuwa mvivu. Siku hizi jua linanikuta kitandani, mimi niliyekuwa nikiwaamsha nyote kwa fujo! Mama anasema uzee umeniingilia mlango wa nyuma.

Nina ombi dogo. Nikibakiza trei moja kila lori linapokuja, trei moja tu ya nyumbani, itajulikana? Mama angepata kitu cha kushika mifupa yake. Nayaona mayai yanapita mbele yetu kama wageni wasiosalimia. Niambie, wewe ndiye unayejua ya huko ndani.

Dada yako


12 Mei

Shikamoo Dada,

Kuhusu trei: usithubutu. Usipunguze hata yai moja. Getini wanahesabu kila boksi na kulinganisha na idadi ya mitetea mfugaji aliyonayo kwenye mkataba, na aliyepungukiwa wanamkatia chakula lori linalofuata. Nimeona kwa macho yangu. Gunia likikatika kabisa utalisha nini? Ubanwe sasa upone baadaye. Mtafutie Mama maharagwe, au dagaa hata wa kuazima kwa jirani.

Hapa hali si nzuri, sitakudanganya. Mwenzangu wa godoro la jirani, yule aliyekuwa akiimba usingizini, alichukuliwa na gari jeupe na watu waliojifunika mwili mzima. Hatukuambiwa amefikia wapi. Godoro lake lilichomwa uani, na tukaambiwa tusogeze mistari ya chokaa. Tangu siku hiyo hatuzungumzi sana. Mtu akikohoa wote tunageuka.

Kwa hiyo ujue, lori linapopiga honi getini mimi moyo unadunda kama wa mtu anayesubiri mchumba. Nawaomba wenzangu wanipishe, boksi lako nalishusha mimi. Barua zako ndizo hewa yangu humu. Usiache kuandika. Na usiniandikie "Mama hajambo" kama unajaza fomu ya hospitali. Niambie anasema nini, anacheka na nini.

Mdogo wako,
Kitinda


26 Mei

Kitinda,

Safari hii Breki kaleta gunia moja. Amekohoa njia nzima ya kutoka langoni hadi bandani, nikamwambia aliweke chini aende zake, nitalibeba.

Sina mengi. Uji niliouweka jikoni leo umeungua nikiwa nimesimama mbele yake, sijui macho yalikuwa wapi.

Nakuuliza jambo la kazi. Mayai yangu unayamulika mwenyewe kuona kilichomo, au unamwachia mtu? Yale ya lori lililopita na la kabla yake, yakoje ukiyamulika? Vifaranga wakitoka niambie wametoka wangapi wangapi, wazima au dhaifu. Nijibu sawasawa, usinipambe.

Dada yako


9 Juni

Shikamoo Dada,

Umeniuliza kama bibi wa ukaguzi! Basi sikiliza.

Nimeyamulika mwenyewe, moja moja, taa mkononi. Mishipa imetambaa vizuri, nyekundu, na yale macho meusi yanacheza ndani. Nikasema haya kweli ni ya Dada yangu. Na yale ya lori la nyuma yametotolewa juzi. Nilipofungua mlango wa mashine kelele ilinipokea kama uwanja wa mpira. Wa kwako wametoka wengi kuliko wa mfugaji yeyote, manyoya makavu, miguu ya njano, wanasimama wenyewe. Meneja alipita akauliza, hawa ni wa nani? Nikamwambia ni wa dada yangu, akatikisa kichwa kwa furaha.

Kwa hiyo tulia. Kazi yako inaonekana.

Lakini mbona barua nzima hukuniambia neno moja la Mama? Nimeisoma mbele na nyuma, nikageuza hata bahasha. Amenikasirikia kwa ajili ya meno?

Mdogo wako,
Kitinda


16 Juni

Kitinda,

Majogoo sina.

Soma tena. Sina jogoo hata mmoja bandani, na sijawa naye tangu mwezi wa Aprili. Ndiyo maana jua lilikuwa linanikuta kitandani, hakuna wa kuniwikia. Jogoo anakula kuliko mitetea wawili na hatagi. Chakula kilipopungua nikawafunga miguu wote, nikawapeleka kwenye kizuizi cha barabara, nikabadilishana na mwanamke mmoja mwenye unga. Unga huo ndio uji wa Mama niliokuwa nakuandikia. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umenikataza kuchinja hata mmoja, na kwa sababu niliona aibu.

Unajua kama mimi ninavyojua kwamba jogoo akiondoka, mbegu yake inabaki ndani ya mitetea wiki mbili, ikizidi sana tatu. Baada ya hapo yai ni la kukaanga. Kwa hiyo tangu katikati ya Mei nimewaletea mayai matupu, nikiyafuta kwa kitambaa, nikiyapanga ncha chini, nikimkabidhi Breki kwa uso mkavu, ili tu lori liendelee kuniletea lile gunia. Nimewaibia, nakiri. Kila nilipofungua barua yako nilisubiri useme, Dada, umenitia aibu mbele ya meneja, mayai yako yote ni maji.

Badala yake ukaniletea mishipa nyekundu. Ukaniletea macho meusi yanayocheza. Hao vifaranga wenye miguu ya njano nani aliwapanda mitetea wangu, Kitinda, upepo?

Hujayamulika. Hukuyagusa. Wewe tangu mtoto ukidanganya unazidisha chumvi, ukivunja kikombe kimoja unaeleza paka watatu. Nataka kujua mayai yangu yanakwenda wapi. Usinijibu mzaha, sina nafasi ya mzaha mwilini.

Dada yako


23 Juni

Dada,

Yanakwenda shimoni.

Nyuma ya kiwanda, kwenye lile eneo lililokuwa lipandwe miti ya kivuli, katapila lilichimba shimo mwishoni mwa Machi. Wanaofuga kuku wa nyama walikuwa wameacha kuja. Vifaranga walikuwa wamejaa vyumba vyote, hakuna lori la kuwapeleka kokote, na kwenye mashine wengine walikuwa wanaendelea kutoka, kwa sababu yai likishaanza huwezi kuliambia lisubiri. Wa kwanza kwenda shimoni walikuwa hao, wazima. Tuliwabeba kwenye makreti yale yale ya kuwasafirishia. Sitakueleza zaidi. Kijana mmoja alipiga picha akaituma nje, ndipo simu zikakusanywa. Hakukuwa na usafi wowote.

Baada ya hapo mashine zikazimwa zote. Ulipoandika barua ya kwanza zilikuwa baridi. Ile kelele niliyokuandikia ya mlango ukifunguliwa, niliikumbuka tu. Mimi siku hizi nafagia.

Mayai yanapokelewa, yanahesabiwa, yanatiwa saini, yanamwagwa. Meneja alituita uani akasema wafugaji wakijua watachinja kundi la mbegu lote, na maradhi yakiisha nchi itakosa kifaranga wa kuanzia. Chakula kidogo kilichopo kigawiwe kwa kila anayeleta mayai, ili awatunze kuku. Akasema pia kwamba atakayemnong'oneza ndugu yake atatoka getini siku hiyo hiyo, na ndugu naye atafutwa. Kuhesabu ni kweli, Dada. Hapo tu sikukudanganya. Wanahesabu kwanza ndipo wanamwaga.

Nilidhani ni wiki mbili. Kisha nikadhani ni wiki mbili nyingine. Nilikuwa nalinda kundi lako, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini kuna na jambo jingine, nalo ni baya zaidi kulisema: mayai yangekatika na barua zingekatika. Nilikuwa nashusha boksi lako, nachomoa barua chini ya trei naitia kifuani, halafu boksi nalibeba mwenyewe mpaka ukingoni. Sikumwachia mtu mwingine. Nilifikiri hiyo ni heshima.

Sasa sikiliza. Usilete tena hata moja. Yapike yote. Mpe Mama mawili asubuhi na mawili jioni, mpondee kama hawezi kutafuna. Mitetea chinja unaoweza kuwala, wengine badilisha kwa chochote. Wakinifukuza wanifukuze. Mwambie Mama mimi ndiye niliyefanya hivi, si wewe. Na uniambie amesemaje, hata kama ni laana.

Mdogo wako


30 Juni

Kitinda,

Barua yako kaileta kijana mpya. Breki yuko hospitali na hakuna anayejua zaidi. Hii nimempa huyo kijana mkononi, kwa sababu boksi hakuna na trei hakuna.

Mama hayupo. Alifariki tarehe 19 Mei, alfajiri. Haikuwa homa tena. Aliisha tu, kila siku kidogo, mpaka nikimgeuza kitandani nasikia kama nageuza nguo. Daktari aliitwa akaja akasimama mlangoni, akaandika kwamba ni udhaifu. Waliruhusiwa kuzika watu wachache, wanaume wanne wa kubeba na mimi, na tuliambiwa tusikaribiane. Nililia nikiwa nimesimama peke yangu kama mlingoti, hakuna wa kunishika.

Sikukuandikia kwa sababu nakujua. Ungeruka ukuta, ungekamatwa njiani, na kazi ingekwenda na maji. Nikasema ukitoka nitakuambia uso kwa uso. Kwa hiyo na mimi nimekudanganya. Barua ile fupi niliandika wiki moja baada ya kumzika, na sikuweza kuliandika jina lake.

Unataka nikuambie amesemaje. Sina cha kukuambia kwa hilo. Meneja wako huenda ana akili, huenda kweli nchi itahitaji kifaranga wa kuanzia. Mimi sikuwa na nchi humu ndani, nilikuwa na mama mmoja. Nimekuchukia siku nzima jana, nikazunguka banda na barua yako mkononi nikizungumza peke yangu. Jioni chuki ikaniishia kabla sijalala, kwa sababu kila nikikufuata wewe najikuta nimefika kwangu. Wewe ulimnyima kwa kalamu. Mimi nilikuwa karibu, nilimnyima kwa mkono.

Nitakuambia, halafu sitalisema tena kwa mtu yeyote. Chumba cha Mama ndicho chenye ubaridi katika nyumba yetu, ukuta wake haupigwi na jua. Chakula cha kuku kilipokuwa kinachelewa na lori halina siku maalumu, mayai niliyaweka humo yasiharibike. Nilimpangia trei chini ya kitanda, kando ya kitanda, juu ya sanduku lake la nguo. Barua yako ya kunikataza trei moja ilikuwa imeshafika, nilikuwa nayo mfukoni. Nilikuwa nafuta mayai nimeketi miguuni pake. Akatoa mkono kwenye shuka, akagusa moja, akasema, "Mwanangu, nichemshie hili."

Nilijua halina mbegu. Mimi na Mungu tulijua ni la kuliwa tu. Nikamwambia, "Mama, hayo yameshahesabiwa."

Akaurudisha mkono. Hakununa, wala hakuniomba tena. Kesho yake honi iliposikika nikaanza kutoa trei, naingia natoka, naingia natoka, yeye ananifuata kwa macho mpaka ya mwisho. Akaniuliza, "Yametimia?"

Nikamwambia, "Yametimia, Mama."

Dada yako